Bweha Akipigana na Mbwa Wako

Mzee mmoja kutoka upande wa Barut, nje kidogo ya Nakuru, alikuja kwenye kliniki yangu kupimwa shinikizo la damu kama afanyavyo kila mwezi. Nilimpima, nikamwandikia dawa, akainuka kwenda zake. Alipokwisha kushika kitasa cha mlango, aligeuka akasema: "Daktari, kuna jambo dogo tu. Mbwa wetu alipigana na bweha mwezi uliopita, na sasa halili, hata sauti yake ya kubweka imebadilika. Kijana wangu ndiye aliyekuwa akimwosha vidonda."

Nilimwomba aketi tena.

Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 9. Siku ya mapigano alikuwa amejikata kidole kwa mundu akikata nyasi za ng'ombe, na kwa mkono huohuo alimsafisha mbwa wake shingoni, palipojaa mate ya bweha. Hakuumwa na mnyama yeyote. Kwa sababu hiyo, hakuna aliyefikiri kwamba apelekwe hospitali. Alianza kudungwa chanjo jioni ileile. Mbwa alikufa baada ya siku mbili, na maabara ya mifugo ilipopima ubongo wake, ilithibitisha kwamba alikuwa na kichaa cha mbwa.

Wasomaji wengi wa mjini hudhani bweha ni mnyama wa mbugani tu. Ni kweli kwamba Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru imezungushiwa ua wa umeme, lakini bweha haihitaji mbuga. Mnyama huyu mwenye mgongo mweusi uliochanganyika na mvi na mbavu za rangi ya kutu, mdogo kuliko mbwa wa polisi, huishi vizuri katika mashamba, vichaka na kando ya makorongo. Hula panya, sungura, wadudu, matunda yaliyoanguka na mizoga. Kadiri ploti zinavyokatwa kutoka mashamba ya zamani na nyumba kujengwa, ndivyo tunavyojikuta majirani. Kwa kawaida bweha mzima humwogopa mtu. Ukipiga kelele, au ukigonga sufuria, hukimbia.

Bweha wa kuogopwa ni yule asiyekuogopa. Ukimwona anaingia uani mchana kweupe, anayumbayumba, mate yanamtoka, taya limelegea, au anauma chochote kilicho mbele yake, waingize watoto ndani na ufunge mlango. Usijaribu kumkamata wala kumpiga kwa fimbo fupi. Wapigie simu maafisa wa wanyamapori wa KWS au wa mifugo walio karibu nawe.

Hata hivyo, tusimsingizie bweha kila kitu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya watu 100 wanaopata kichaa cha mbwa, 99 hivi huambukizwa na mbwa wa kufugwa. Hapa kwetu bweha mara nyingi huupata ugonjwa huu kutoka kwa mbwa wetu wanaorandaranda usiku bila chanjo, kisha huurudisha kwa mbwa wengine. Kaskazini mwa Maasai Mara, kati ya Agosti na Septemba 1989, kundi moja la mbwa mwitu lilipoteza 21 kati ya 23 kwa muda wa wiki 6, na wataalamu waligundua kwamba virusi vilivyowaua vilifanana na vile vya mbwa wa vijijini. Nani basi ni hatari kwa mwenzake?

Ugonjwa wenyewe husafiri kwa mate. Virusi vikiingia kwenye kidonda, mkwaruzo, jicho au mdomo, hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi 2 au 3, lakini inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Muda huo ndio nafasi yetu ya kuokoa maisha. Mgonjwa akishaanza kuogopa maji, kushindwa kumeza na kuweweseka, hatuna dawa ya kumrudisha. Nimemwona mgonjwa wa aina hiyo nilipokuwa daktari mwanafunzi, na sitaki kumwona mwingine.

Kwa hiyo ukiumwa, ukikwaruzwa, au mate yakigusa ngozi iliyochubuka, nenda moja kwa moja kwenye bomba. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, kwa maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Kisha paka dawa ya kuua viini kama ayodini au spiriti. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala kinyesi cha ng'ombe, na usifunge lile jiwe jeusi wanalouziana watu sokoni. Baada ya hapo nenda hospitali siku hiyohiyo.

Huko utadungwa chanjo mkononi, na mtoto mdogo pajani. Hadithi ya sindano nyingi tumboni ni ya chanjo za zamani, na inasikitisha kwamba hadi leo inawafanya watu wakimbie. Utaratibu uliozoeleka hapa nchini ni sindano 5: siku ya kwanza, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28 kutoka hapo, ingawa siku hizi kuna ratiba fupi zaidi zinazokubalika. Ikiwa ngozi imetoboka, au mate yameingia kwenye kidonda kama ilivyokuwa kwa yule kijana, huongezwa dawa ya kingamwili inayodungwa ndani na kandokando ya jeraha. Mama mjamzito au anayenyonyesha hudungwa vilevile. Chanjo wakati mwingine hukosekana hospitalini. Ikiwa ndivyo, uliza hospitali nyingine palepale, usirudi nyumbani kungoja.

Kuna kosa moja ninalokutana nalo mara kwa mara. Watu wamesikia kwamba mbwa aliyeuma mtu huchunguzwa kwa siku 10, na akibaki mzima basi hakuna hatari. Hiyo ni kweli kwa mbwa na paka wa nyumbani, tena chanjo huanza huku mnyama akichunguzwa. Kwa bweha kanuni hiyo haifai kabisa, hata kama mnyama alionekana mwenye afya.

Na mbwa wako je? Akirudi na vidonda baada ya kupigana, vaa glavu, au hata mifuko miwili ya plastiki mikononi, umwoshe bila watoto kuwa karibu, umfunge mahali peke yake, na umwite daktari wa mifugo. Mbwa aliyekuwa na chanjo hudungwa nyingine mara moja na kuangaliwa kwa siku 45. Asiyekuwa nayo ni mashaka makubwa: pengine atengwe miezi 4 hadi 6, pengine daktari ashauri auawe. Nimewaona watu wazima wakilia kwa uamuzi huo, ilhali chanjo ya mwaka mzima ingeuzuia. Mbwa na paka huchanjwa wakifikia miezi 3, au mapema zaidi penye hatari, kisha kila mwaka. Kampeni za chanjo mara nyingi hufanywa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Usiku, paka na watoto wa mbwa walale ndani. Mbwa mkubwa awe ndani ya ua uliofungwa, na ua wenyewe utazamwe chini, si juu. Kayaba iliyostawi humzuia ng'ombe, lakini bweha hupita penye matundu ya shina. Ongeza wavu wa waya na uuzike futi moja ardhini. Chakula cha mbwa kisilale nje. Matumbo ya kuku na kondo la ng'ombe aliyezaa yafukiwe shimoni, si kutupwa nyuma ya boma, kwa sababu huko ndiko bweha na mbwa wako wanakokutana. Na usitege nyama yenye sumu: ni kosa la jinai, na wa kwanza kuila huenda akawa mbwa wa jirani, au mtoto aokotaye kila kitu.

Yule kijana wa Barut alimaliza sindano zake zote. Baba yake aliniletea kadi ya chanjo ya mtoto wa mbwa waliyemnunua baadaye, akaiweka mezani hata kabla sijamfunga mkanda wa kupima presha.