Vidokezo 12 vya kufunga bomba jipya la moshi bila kuiumiza sonda

Barabara zetu za kusini mwa Kongo hazina huruma na bomba la moshi. Malori ya shaba na kobalti yanapita usiku na mchana kati ya Kolwezi, Fungurume na Likasi, lami inaliwa pembeni, na kiangazi kikifika vumbi jekundu linafunika mawe yanayogonga chini ya gari. Siku moja bomba linapasuka, gari linanguruma kama kinu cha mahindi, na inabidi kununua jingine.

Kufunga bomba lenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Panapoharibika ni kwenye kile kidude chenye nyaya nne kilichokaa juu ya bomba: sonda ya oksijeni, au sonda lambda kama mafundi wanavyoiita. Mara nyingi bomba la kununua sokoni lina tundu la sonda mahali pengine, waya haufiki, na hapo kisu na utepe mweusi vinatoka mfukoni. Kabla hujafika huko, soma haya.

1. Hakikisha gari lako lina sonda

Land Cruiser za dizeli zenye injini ya 1HZ, zile unazoziona kila siku kwenye njia za migodi, hazina sonda ya oksijeni. Ukiwa na gari kama hilo, badilisha bomba na uendelee na safari. Wenye kuhitaji uangalifu ni sisi wa petroli: IST, Noah, RAV4 na ndugu zao. Mengi yana sonda mbili. Ya kwanza iko kabla ya katalisa, ile sehemu ya bomba inayosafisha moshi, na ndiyo inayoongoza petroli. Ya pili iko baada ya katalisa, na kazi yake kubwa ni kuichunga.

2. Elewa kwamba sonda inanong'ona

Volvo ndiyo iliyoanza kuuza magari yenye sonda hii mwaka 1976, na sonda ilitengenezwa na Bosch. Ndani yake kuna kauri iliyopakwa platini. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi, sonda ya kawaida inatoa umeme wa karibu volti 0.1. Petroli ikizidi, inapanda hadi karibu volti 0.9. Tofauti yote kati ya "ongeza" na "punguza" haifiki volti moja! Kompyuta ya injini inasikiliza mnong'ono huo na kurekebisha petroli muda wote.

Hapa kwetu mnong'ono huo una thamani zaidi. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Gari lililotoka bandari ya Dar es Salaam likapanda hadi hapa linahitaji sonda isiyodanganya.

3. Jiulize kwanza kama ni lazima kurefusha waya

Mara nyingi si lazima. Mwambie fundi achomelee nati mpya ya sonda kwenye bomba jipya, pale pale ilipokuwa kwenye bomba la zamani. Uzi wake ni wa milimita 18. Ukiipeleka sonda mbali na injini, inapata moto kidogo, na haifanyi kazi vizuri kabla ya kufika nyuzi joto 300 hivi.

Nati ikae upande wa juu wa bomba. Fikiria uso wa saa ya mishale: sonda iwe kati ya namba 10 na namba 2. Asubuhi za Juni na Julai, baridi inapouma, maji yanatengenezeka ndani ya bomba. Sonda iliyolala au kutazama chini inayapokea, na kauri ya moto ikikutana na maji inapasuka.

4. Toa sonda na betri kabla ya moto wa kuchomelea

Gari likae juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Fungua waya hasi wa betri. Chomoa plagi ya sonda, kisha fungua sonda yenyewe kwa spana ya 22 bomba likiwa na uvuguvugu. Likiwa baridi kabisa, uzi unang'ang'ania na unaweza kung'oka pamoja na chuma. Waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea ubanwe karibu kabisa na pale panapochomwa. Umeme wa kuchomelea ukitafuta njia kupitia kompyuta ya injini, utanunua kompyuta kwa sababu ya bomba.

5. Usinunue bomba kwa ukubwa wa mdomo wake

Kwa injini ya lita 1.5, kipenyo cha asili au kuzidi kidogo kinatosha. Bomba pana kupita kiasi linapunguza nguvu kwenye mwendo mdogo, na mwendo mdogo ndio tunaouishi kwenye foleni nyuma ya malori. Angalia vitu vitatu: mipira ya kuning'inizia iwe mipya, kuwe na kile kipande laini kinachojikunja injini inapotikisika, na bomba lisishuke chini kuliko lile la zamani. Na usisahau kwamba kelele ya bomba inawafikia majirani.

6. Usikate waya wa sonda: tengeneza waya wa kati

Huu ndio ujanja unaookoa fedha. Chukua plagi ya sonda iliyokufa. Tafuta soketi inayoingiana nayo kwa wauza vipuri vya magari yaliyovunjwa. Kati ya hizo mbili funga nyaya nne za urefu unaohitaji, na sentimita 30 hadi 60 zinatosha kwa mabomba mengi. Sonda yako inabaki nzima na nyaya za gari zinabaki nzima. Ukikosea, unachomoa waya wa kati na kuanza upya, hujaharibu kitu.

7. Weka lehemu pembeni, kwa sababu waya huu unapumua

Fundi mzuri wa redio atakuambia kiungo bora ni cha lehemu. Kwa redio yuko sahihi. Kwa sonda, sivyo. Ili ijue moshi una oksijeni kiasi gani, sonda inalinganisha moshi na hewa safi ya nje, na sonda nyingi za aina hii zinavuta hewa hiyo kupitia waya wake wenyewe, katika nafasi ndogo kati ya nyuzi za shaba. Lehemu ikiyeyuka inajaza nafasi hizo, na sonda inabanwa pumzi. Gari halizimiki, linaanza tu kukosea hesabu, na wewe unalaumu petroli ya barabarani.

Tumia vibomba vya kubana, vile vya mafundi umeme, na koleo lake halisi. Ukishabana, vuta waya kwa nguvu ya mkono: ukichomoka, rudia. Funika kila kiungo kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Usitie grisi ndani ya plagi, kwa sababu nayo inaziba pumzi. Na viungo vinne visikae sambamba: kila kimoja kisogezwe sentimita mbili tatu mbele ya mwenzake, ili mpira mmoja ukichubuka nyaya zisigusane.

8. Kwaruza waya kabla ya kulipa

Inauma kulisema tukiwa juu ya shaba, lakini sokoni kuna waya unaong'aa rangi ya shaba na ndani yake ni alumini. Toa nyuzi chache, zikwaruze kwa ncha ya kisu. Chini ya wekundu ukiona weupe, rudisha. Alumini inapitisha umeme kwa shida zaidi, inakatika upesi kwa mtikisiko, na kwenye kiungo cha kubana inalegea.

Chagua waya wa nyuzi nyingi, unene uleule wa asili au kuzidi, hasa zile nyaya mbili zinazopasha sonda joto. Ganda liwe la silikoni au la kuvumilia joto kubwa. Waya wa nyumba una ganda la plastiki la kawaida ambalo karibu na bomba linalainika kama ugali wa moto.

Angalia rangi kwa macho mawili. Kwenye sonda nyingi za Denso, nyaya za joto ni mbili nyeusi, ishara ni ya bluu, na nyeupe ni ya ardhi. Kwenye nyingi za Bosch, nyaya za joto ni mbili nyeupe, ishara ni nyeusi, na kijivu ni ya ardhi. Ona hatari: nyeupe ya mmoja ni ardhi, ya mwingine inabeba volti 12. Usiunganishe kwa rangi kabla ya kupima kwa multimita. Nyaya mbili za joto zinajitambulisha zenyewe: kati yao unasoma ohm chache, hadi 15 hivi, gari likiwa baridi.

9. Ogopa ukijani

Mvua za Desemba zilinifundisha. Taa ya injini iliwaka, petroli ikawa inaisha kabla ya wiki kuisha. Nilifungua kiungo kilichofanywa katika garaji moja ya hapa mjini: utepe mweusi, raundi tano, umelegea kwa joto. Ndani yake shaba haikuwa nyekundu tena. Ilikuwa kijani, unga laini uliobaki kwenye kidole. Mchimbaji yeyote wa shaba angeutambua, maana rangi hiyo ndiyo anayoifuata ardhini: ni jamaa wa malakite, jiwe la kijani lenye shaba. Shaba ikikaa na maji na hewa inaanza safari ya kurudi kuwa jiwe, na jiwe halipitishi mnong'ono wa volti 0.9.

Basi peleka waya juu, mbali na bomba, na uufunge kwa vibanio vya chuma kwenye mwili wa gari. Vile vya plastiki vinayeyuka. Acha ulegevu kidogo ili injini ikitikisika isiuvute. Kabla ya kuingia kwenye plagi, waya ushuke kidogo kisha upande, ili maji yadondoke pale chini badala ya kuingia ndani. Pitisha waya mbali na nyaya za plagi za moto, zinazopiga kelele ya umeme karibu na anayenong'ona.

10. Usitupe katalisa, wala usiiuze kwa haraka

Mtu atakuambia ukate, uweke bomba tupu. Ndani ya katalisa kuna platini, paladi na rodi, na ndiyo maana wanunuzi wanaitamani. Lakini ikiondoka, sonda ya pili inaona moshi mchafu na kompyuta inaandika kosa P0420. Pia mjini mwetu, penye vumbi la migodi kila upande, hewa ya watoto haihitaji mzigo mwingine. Kama imeziba au imevunjika, badilisha. Kama ni nzima, ifunge tena.

11. Ziba kila uvujaji ulio mbele ya sonda

Bomba linalovuja kabla ya sonda halitoi moshi tu. Linanyonya hewa pia, kati ya pigo moja la moshi na jingine. Sonda inaona oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini, inadhani petroli ni kidogo, na kompyuta inaongeza. Gari linakunywa bila kiu.

Weka gasketi mpya. Washa injini ikiwa baridi, nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo, msaidizi azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Mapovu yatakuonyesha. Usipake silikoni ya kawaida, mvuke wake unaua sonda. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni salama kwa sonda. Na kumbuka kwamba moshi unaovuja chini ya viti una monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu. Fanya jaribio hili nje, penye hewa, kamwe si ndani ya garaji iliyofungwa.

12. Rudisha sonda kwa mkono mwepesi, kisha pima

Anza kuifunga kwa vidole, malizia kwa spana, karibu nyutonimita 40 hadi 45. Sonda mpya mara nyingi huja na mafuta yake kwenye uzi. Usiongeze, na ncha isiguswe na kitu. Kisha pima waya wako wa kati: kila waya upitishe kutoka mwisho hadi mwisho, na usipitishe kwa jirani yake.

Rudisha betri, unganisha kifaa cha kusoma makosa na simu yako. P0135 au P0141 inasema waya wa joto haufiki. P0171 inasema hewa ni nyingi, rudi kidokezo cha 11. Kama hakuna kosa, endesha hadi Musompo, nje ya mji, na kurudi, injini ipate moto wa kweli. Sonda ya kwanza ya kawaida itapanda na kushuka bila kutulia, ya pili itakaa karibu palepale.

Ukifika nyumbani, usiingie ndani mara moja. Inama, angalia waya haujagusa bomba, shika mipira, sikiliza. Halafu mvua ya kwanza ikipita, inama tena.