Maji Yatoke Shambani, Udongo Ubaki

Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo kubwa la mkulima wa Ukambani, na mara nyingi hunyesha kwa nguvu katika siku chache. Mkulima wa Kwa Vonza anayeona maji yametuama kwenye mahindi hukimbilia jembe na kuchimba mtaro ulionyooka kuteremka hadi mkondoni. Shamba lake hupona. Lakini mtaro kama huo huongeza kasi ya maji, nayo hubeba udongo, samadi na mabaki ya dawa za wadudu mpaka mtoni.

Mito mingi ya Kitui, Tiva ukiwemo, hukauka juu na kuhifadhi maji chini ya mchanga. Huko ndiko wakazi huchimba visima vya maji ya nyumbani na ya mifugo. Mabwawa ya mchanga, ambayo jamii na shirika la SASOL zimejenga kwa mamia tangu miaka ya 1990, hutegemea hali hiyo hiyo. Ukuta hukingama mtoni, mchanga wa chembe kubwa hutua nyuma yake, na maji hukaa katika nafasi zilizo kati ya chembe, mbali na jua. Tope likijaa badala ya mchanga, ukuta utasimama vilevile lakini maji yatakayochotwa ni machache, kwa sababu udongo laini huyashika na hauyaachilii. Mtaro mmoja wa juu unachangia hasara ya kijiji kizima cha chini.

Dawa yake si ngeni. Matuta ya fanya juu, ambayo yalienea kutoka Machakos, huchimbwa kwa kufuata kontua: mfereji wa takriban sentimita 60 kina na upana, udongo ukirushwa upande wa juu, kisha tuta likapandwa nyasi kama makarikari. Maji ya ziada hupokelewa na mtaro wa kukinga ulio juu ya shamba, unaoshuka polepole, sentimita 25 hadi 50 tu kwa kila mita 100, hadi kwenye njia pana iliyooteshwa nyasi.

Ugumu huja mpakani. Njia hiyo ya nyasi lazima ipite kwa mtu, na hakuna apendaye kupokea maji ya jirani bila kuulizwa. Basi wenye mashamba ya mteremko mmoja wakubaliane kwanza, kisha mwethya uchimbe. Wahusishwe pia wasimamizi wa barabara, maana kalvati moja ikielekezwa vibaya huchimba korongo kuliko mashamba kumi. Afisa wa kilimo wa wadi husaidia kupima kontua, na chama cha watumiaji maji huleta sauti ya wanaochota chini.

Kandokando ya mto hakuna mjadala. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza kulima katika ukanda wa kila upande, usiopungua mita 6 wala kuzidi 30, ukipimwa kutoka pale mafuriko makubwa zaidi yalipofika.

Kazi ianze kiangazi, na ianzie juu ya mteremko. Wanaoanzia chini hupata matuta yao mapya yamebomolewa na mvua ya kwanza.