Mada ya 7: Kunyoosha Plaiwudi Iliyopinda

Watahiniwa wengi wakiulizwa namna ya kunyoosha plaiwudi iliyopinda huandika neno moja: "uzito". Jibu hilo halitoshi. Uzito peke yake huibana plaiwudi kwa muda tu. Ukiuondoa, plaiwudi hurudi ilivyokuwa, kwa sababu chanzo cha kupinda bado kipo. Elewa chanzo kwanza, nawe utaweza kueleza kila hatua.

Kumbuka

Plaiwudi hutengenezwa kwa tabaka nyembamba za mbao zilizounganishwa kwa gundi. Nyuzi za kila tabaka hukingama na za tabaka inayofuata kwa nyuzi 90. Idadi ya tabaka kwa kawaida ni witiri (3, 5, 7) ili pande mbili zilingane. Mbao hutanuka inapopata unyevu na husinyaa inapokauka. Upande mmoja ukipata unyevu kuliko mwingine, ulingano huvunjika na plaiwudi hupinda.

Swali la mfano

Juma alikata plaiwudi ya mm 12 kwa ajili ya mlango wa kabati, akaiegemeza ukutani kwa wiki mbili. Upande mmoja ulipigwa jua la dirishani. Wa pili ulielekea ukuta wenye unyevu. Plaiwudi ikapinda.

(a) Eleza kwa nini ilipinda. (alama 4)
(b) Eleza hatua za kuinyoosha. (alama 8)
(c) Taja njia tatu za kuzuia tatizo hilo. (alama 3)

Jibu

(a) Upande wa jua ulikauka, ukasinyaa na kuwa mbonyeo. Upande wa ukutani ulipata unyevu, ukatanuka na kuwa mbinuko. Kuegemezwa bila kushikiliwa katikati kuliongeza kupinda.

(b) Hatua:
1. Weka rula ya chuma kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari ili kutambua upande wa mbonyeo.
2. Futa upande wa mbonyeo kwa kitambaa chenye unyevu. Usiloweshe, kwani gundi ya plaiwudi ya ndani ya nyumba huweza kuachia.
3. Laza plaiwudi juu ya meza iliyo sawa, mbonyeo ukiwa chini.
4. Weka uzito katikati, kisha uusambaze hadi pembeni. Kagua mara kwa mara isije ikapinda upande wa pili.
5. Ikinyooka, ilaze juu ya fito zenye unene sawa, uzito ukiwa juu ya fito hizo, ili hewa ipite pande zote mbili. Iache siku kadhaa ikauke polepole.
6. Pima tena kwa rula kabla ya kuitumia.

(c) Kulaza plaiwudi badala ya kuiegemeza. Kuihifadhi mahali pakavu pasipopigwa jua. Kupaka vanishi au rangi pande zote mbili pamoja na kingo.

Makosa ya kuepuka

- Kulowesha upande wa mbinuko. Huo tayari una unyevu mwingi, utaongeza kupinda.
- Kukausha kwa moto au jua kali. Plaiwudi hupinda upya.
- Kupiga randa sehemu iliyoinuka. Tabaka ya juu ni nyembamba sana na itaisha.
- Kulazimisha mlango uliopinda kwa bawaba. Hautafunga vizuri, na kazi ya mradi itapoteza alama.

Zingatia

Plaiwudi iliyojisokota, yaani pembe moja imeinuka na nyingine imeshuka, ni ngumu kunyoosha. Itumie mahali itakapofungwa kwa skrubu kwenye fremu imara, kama mgongo wa kabati, wala si mlango.

Jipime

1. Kwa nini plaiwudi iliyopakwa vanishi upande mmoja huweza kupinda?
2. Una plaiwudi mbili: moja imenyooka, nyingine imepinda kidogo. Ipi utaifanya mlango na ipi utaifanya mgongo wa kabati? Toa sababu.