Viboga Vinadondoka Vichanga? Waite Nyuki

Mboga imetambaa, maua yamejaa, lakini kila kiboga kikifikia ukubwa wa ndimu kinageuka manjano na kudondoka. Wengi hukimbilia mbolea, kumbe mara nyingi anayekosekana ni wa kubeba chavua kutoka ua dume hadi ua jike.

1. Kagua bustani asubuhi. Ua la boga hufunguka alfajiri, na kufikia adhuhuri limeshajifunga. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Dume limekaa juu ya kikonyo chembamba. Saa moja asubuhi, ukiona hakuna nyuki, chuma ua dume, bandua petali zake, kisha pakaza chavua katikati ya ua jike. Hapo umeokoa boga la leo.

2. Acha mboga nyingine zichanue. Giligilani, mrehani na sukuma wiki iliyozeeka hujaa nyuki zikitoa maua. Panda kila aina kwa fungu, maana nyuki wa asali katika safari moja hushikilia ua la aina moja.

3. Wapokee na wasiotengeneza asali. Duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na wengi huishi peke yao, wakichimba vishimo ardhini. Usisakafie ua wote. Waachie kipande cha udongo mtupu. Waachie na gogo kavu kwa ajili ya wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Najua wanavyofukuzwa kwa fagio, lakini nawatetea kwa moyo wote, kwa sababu pasheni ya njano inawategemea. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua lile: hunyonya nekta na kuondoka, mara nyingi bila kugusa panapotakiwa. Yule mkubwa akiingia, mgongo wake unapaka chavua. (Panda miche zaidi ya mmoja, tena ya mbegu tofauti, pasheni hii haizai kwa chavua yake yenyewe.) Hata kwenye nyanya anafaa: hulikumbatia ua na kulitetemesha hadi chavua imwagike.

4. Weka maji. Sahani pana yenye kokoto za kutua inatosha. Yabadilishe mara kwa mara, mbu wasizaliane.

5. Dawa ya wadudu isiguse ua lililo wazi. Ikibidi kabisa, nyunyizia jioni nyuki wakiwa wamerudi. Epuka hasa dawa za unga: nyuki huzibeba pamoja na chavua hadi mzingani.

6. Usikate mipapai dume yote. Bakiza mmoja. Maua ya mpapai hutembelewa na nondo wakubwa magharibi inapoingia, basi zima taa ya nje isiyo na kazi.

7. Usiogope nyuki aliye kwenye ua. Pale hana cha kulinda, na haumi asipobanwa au kukanyagwa. Mzinga ni jambo jingine: usiuweke karibu na mlango, wala usichome moto kundi likitua darini, mwite mfugaji nyuki. Ukitaka asali ya nyumbani, waulizie nyuki wadogo wasiouma, wanaofugwa sehemu nyingi za Tanzania katika vigogo vinavyotundikwa ukutani. Asali yao ni nyepesi, yenye uchachu kidogo, na wao wenyewe huchavusha maua siku nzima hatua chache tu kutoka jikoni.