Matembezi ya Hisani kwa Kumbukumbu ya Mtoto Mchanga: Somo kwa Wazazi Waliofiwa na Wahudumu wa Afya

Mtoto mchanga anapofariki, msiba wake mara nyingi huwa mfupi. Huzikwa na watu wachache, matanga hayakai, na kabla ya wiki kwisha mama huambiwa: "Usilie sana, Mungu atakupa mwingine." Maneno hayo hutolewa kwa nia njema, lakini mzazi huyasikia kana kwamba aliyeondoka hakustahili kuliliwa. Wapo wazazi wanaoamua kumkumbuka mtoto wao hadharani kwa kutembea au kukimbia masafa marefu huku wakichangisha fedha kwa jina lake. Makala haya yanaeleza faida ya jambo hilo, tahadhari zake kiafya, na mahali ambapo mchango huo huokoa maisha, hasa katika maeneo ya vijijini kama Kiegei na vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi.

Ukubwa wa tatizo

Mtoto mchanga ni yule ambaye hajatimiza siku 28 tangu kuzaliwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba, kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufariki katika kipindi hicho. Sababu kuu ni tatu: kuzaliwa kabla ya wakati, kushindwa kupumua wakati wa kuzaliwa, na maambukizi.

Kukimbia au kutembea kwa ajili ya afya ya mama na mtoto si jambo geni Afrika Mashariki. Mwaka 2014, Margaret Kenyatta, aliyekuwa mke wa Rais wa Kenya, alikimbia marathoni ya London, yenye urefu wa kilomita 42, ili kuchangia kampeni ya Beyond Zero. Nchini humo pia, Wanjiru Kihusa, aliyepoteza mimba, alianzisha shirika la Still A Mum ili kuwafariji wazazi waliofikwa na msiba kama wake. Mzazi wa kijijini hahitaji marathoni. Matembezi kutoka nyumbani hadi kituo cha afya, pamoja na ndugu na majirani, yanatosha.

Kwa nini matembezi humsaidia mfiwa

Kwanza, yanampa mzazi sababu ya kutoka nje na kuwa pamoja na watu. Pili, yanampa nafasi ya kulitaja jina la mtoto mbele ya jamii bila kuonekana anazidisha huzuni. Tatu, yanamshirikisha baba, ambaye mara nyingi hutarajiwa kunyamaza na kushughulikia maziko tu.

Hata hivyo, matembezi si dawa ya huzuni, wala hayapaswi kuwa adhabu. Mama anayejilaumu kwa kifo cha mtoto anaweza kujichosha kupita kiasi akidhani analipa deni. Iwapo kwa zaidi ya wiki mbili mzazi hapati usingizi, hali chakula, hana matumaini na hawezi kufanya shughuli zake, aende kituo cha afya. Akitamani kufa, apelekwe siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Tahadhari za kiafya kwa mama

Mwili wa mama aliyefiwa ni mwili wa mzazi. Maziwa hutoka hata kama mtoto hayupo, na jambo hili huwaumiza wengi kwa sababu hakuna aliyewaonya. Matiti yakijaa, avae sidiria inayoshika vizuri bila kubana, aweke kitambaa chenye maji baridi, na akamue kidogo tu ili kupunguza maumivu. Titi likiwa jekundu, lina joto na mama ana homa, atibiwe mapema.

Kutembea polepole karibu na nyumbani kunaweza kuanza mama anapojisikia kuwa na nguvu. Mazoezi ya safari ndefu yasubiri uchunguzi wa siku ya 42, ukiwamo upimaji wa damu, kwa kuwa upungufu wa damu ni wa kawaida baada ya kujifungua. Aliyejifungua kwa upasuaji apate kwanza ushauri wa daktari. Mbio zisianze kabla ya miezi mitatu. Aanze kwa dakika 15 hadi 20, aongeze kidogo kila wiki, na apumzike baadhi ya siku. Akitokwa na damu nyingi, akipata homa, maumivu ya kifua au uvimbe wa mguu mmoja, asimame na kutafuta huduma mara moja. Kusini, miezi ya Juni na Julai hufaa zaidi: mvua zimekwisha na jua si kali.

Mchango uende wapi

Kati ya mwaka 2010 na 2013, Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake walifanya utafiti katika wilaya sita za kusini, Nachingwea na Ruangwa zikiwamo. Wanawake wa vijijini waliojitolea waliwatembelea wajawazito na wazazi majumbani na kuwapa ushauri. Unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee katika siku za kwanza uliongezeka, lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua. Funzo lake ni kwamba ushauri wa nyumbani pekee hautoshi. Huduma ya kituoni lazima iwe bora.

Huduma hiyo haihitaji mitambo mikubwa. Wakunga wa hospitali nane nchini walipofundishwa kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika ya kwanza, kwa kutumia mfuko na barakoa, vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambao Muhimbili ilishiriki, ulionyesha kwamba kumweka mtoto mwenye uzito mdogo kifuani mwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, yaani huduma ya kangaruu, kulipunguza vifo kwa asilimia 25.

Kwa hiyo, kabla ya kuchangisha, mzazi amuulize mganga mfawidhi na kamati ya usimamizi ya kituo kinachopungua ni nini: barakoa, vitanda vya kangaruu, au mafunzo ya wakunga. Kifaa kisicho na mtu anayejua kukitumia hakiokoi mtoto. Fedha ziingie katika akaunti ya kituo, zitolewe stakabadhi, na matumizi yasomwe mbele ya wananchi.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Mhudumu awaeleze wazazi kwa lugha wanayoielewa sababu ya kifo, awape nafasi ya kumwona na kumshika mtoto wakipenda, na asiseme, "Utapata mwingine." Aulize: "Mlimwita nani?" Jina hilo aliandike, na siku ya matembezi, wazazi watakapofika kituoni, awapokee kwa kulitaja.