Kupitia matokeo ya utafutaji bila kipanya

Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za mwaka kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Siku za kuelekea hapo, mhudumu wa saiba pale Kegonga, sawa na mwenzake wa Kehancha au Migori, hana muda wa kusumbuana na kipanya kilichochakaa. Kazi ni ileile kutwa: tafuta, fungua, rudi, tafuta tena. Mkono ukihama kwenye kibodi kila mara, foleni inarefuka.

Zamani Google yenyewe ilisaidia. Ilipozindua Google Instant Septemba 2010, kialama kidogo cha buluu kilikaa kando ya matokeo. Ulikishusha na kukipandisha kwa vitufe vya mishale, ukabonyeza Enter. Instant ilizimwa Julai 2017. Leo ukibonyeza mshale wa chini, ukurasa unateremka tu na hakuna kinachochaguliwa.

Kama kompyuta ni yako, weka kiendelezi kiitwacho Web Search Navigator. Ni cha bure, na kipo cha Chrome na cha Firefox. Herufi j au mshale wa chini hukupeleka kwenye tokeo linalofuata, k au mshale wa juu hukurudisha nyuma, Enter hufungua, na mkwaju (/) hukupeleka kwenye kisanduku cha kutafutia. Kikigoma ghafla, huenda Google wamebadilisha mpangilio wa ukurasa wao. Tafuta toleo jipya la kiendelezi kabla hujailaumu kibodi.

Kwenye kompyuta ya saiba usiweke kiendelezi chochote bila idhini ya mwenyewe. Viendelezi vingi huomba ruhusa ya kusoma kurasa zinazofunguliwa, na kwenye mashine hiyo wateja huandika namba za vitambulisho na nywila zao. Tafutia kwa DuckDuckGo badala yake: j, k na Enter zinafanya kazi bila kuweka kitu. Zikikataa, ingia kwenye mipangilio yake uone kama Keyboard Shortcuts imewashwa.

Ila njia ninayoipenda kuliko zote ni ya Firefox, na ajabu ni kwamba wengi wanaitumia Firefox miaka nenda miaka rudi bila kuijua. Matokeo yakishafunguka, bonyeza ritifaa, ile alama ya katikati ya ng'ombe, kwenye kibodi nyingi iko jirani na Enter. Kijisanduku kitatokea chini ya dirisha. Andika, kwa mfano, kuccps, na Firefox itaruka moja kwa moja hadi kwenye kiungo chenye neno hilo, ikipuuza maandishi mengine yote ya ukurasa. Enter, umefika. Ikiwa kiungo ulichotua si chenyewe, F3 itakupeleka kwenye kinachofuata.

Hapo ndipo faida kubwa ilipo, kuliko hata kasi. Ukiwa umetua kwenye tokeo kabla ya kulifungua, unapata nafasi ya kusoma anwani yake. Matangazo ya kulipiwa hukaa juu kabisa, na mwenye haraka hubofya la kwanza analoliona. iTax, tovuti ya ritani za KRA, ni itax.kra.go.ke, na eCitizen ya huduma za serikali ni ecitizen.go.ke. KUCCPS, inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, haimo kwenye .go.ke, yake ni kuccps.net, kwa hiyo mwambie mwanafunzi asiishike kanuni ya .go.ke kwa kila kitu. Ukitaka tovuti za serikali pekee, ongeza site:go.ke mwishoni mwa unachotafuta.

Ukitaka kulinganisha kurasa mbili, shika Ctrl ndipo ubonyeze Enter: ukurasa utafunguka kwenye kichupo kingine na orodha yako itabaki palepale. Alt na mshale wa kushoto hukurudisha ulikotoka. Na ukiona j inaandikika badala ya kusogea, kishale kimebaki ndani ya kisanduku cha kutafutia. Bonyeza Tab mpaka kitoke, kisha uendelee.