Mashini ya mikono mitatu: tujenge bila kuumia

Ndugu mfanyakazi, kijana wako akisema anataka kujenga mashini inayochonga yenyewe kwa kuongozwa na ordinatere, usimcheke. Usimwache peke yake pia. Mtu aliyezoea mashini za mgodini anajua mambo ambayo kijana hajaonja.

Mashini rahisi ya namna hiyo ni ya mikono mitatu. Ukoo wake unatoka kwa Reymond Clavel, mhandisi wa Lausanne, Uswisi, miaka ya 1980. Kwa ile ya nyumbani tunasimamisha nguzo tatu, kila moja na kigari kinachopanda na kushuka. Kila kigari kina fito mbili sambamba, na fito zote sita zinashika kisahani kimoja kinachobeba kalamu au kekee. Vigari vitatu vikipanda pamoja, kisahani kinapanda. Kimoja kikishuka peke yake, kisahani kinasukumwa mbali na nguzo yake.

Moteri ndogo zinapatikana ndani ya mashini za kuchapa za ofisi zilizokufa. Nyingi zinazunguka kwa hatua 200. Mkanda wenye meno ya milimita 2, juu ya gurudumu la meno 20, unatembea milimita 40 kwa mzunguko, yaani milimita 0.2 kwa hatua. Fito zifanywe kwa mabomba membamba ya aluminiamu. Urefu wake lazima ulingane kabisa, la sivyo kisahani kitainama. Usipime moja moja kwa rula: piga misumari miwili kwenye ubao, unganisha kila ufito juu ya misumari hiyo hiyo. Viungo vikilegea, vuta fito mbili pamoja kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Haugharimu kitu, na unafaa kuliko watu wanavyodhani.

Sasa hatari yenyewe. Bukavu umeme unakatika bila kupiga hodi. Ukikatika, moteri zinalegea, na vigari vitatu vinaweza kuteleza chini pamoja na kekee ambayo bado inazunguka. Mkono uliokuwa ukiondoa vumbi mezani unakutwa hapo. Kwa hiyo mkono usiingie kati ya nguzo mpaka kila kitu kimesimama na waya umeng'olewa ukutani. Weka kizuizi cha mbao chini ya kila kigari.

Umeme ukirudi ni hatari ya pili. Mashini isianze yenyewe! Tumia kontakteri, kama ile ya winchi ya mgodini: umeme ukienda inaachia, na haishiki tena mpaka mtu abonyeze. Kitufe chekundu cha kusimamisha kikate umeme wa kekee na wa moteri moja kwa moja. Amri ya ordinatere haitoshi, maana ordinatere nayo hukwama.

Pesa punguza kwenye mbao na mabomba. Usipunguze kwenye waya, fyuzi na waya wa ardhi. Katika nyumba za mbao zilizobanana za Kadutu, waya mwembamba uliopata moto hauchomi nyumba ya mwenyewe tu. Sanduku linalopunguza umeme wa volti 220 lisifunguliwe na mtoto, hata likiwa limezimwa, kwa sababu ndani hubaki umeme. Jenereta ikae nje, mbali na dirisha, kwa kuwa moshi wake unaua watu waliolala.

Miwani ivaliwe. Mawe yasichongwe makavu nyumbani: vumbi lake ni lile lile linaloharibu mapafu ya wachimbaji, na mama na watoto watalivuta pamoja nawe.

Kwa siku za kwanza funga kalamu, si kekee. Chora mraba wa milimita 100, upime pande zote nne na pembe mbili kwa mbili. Mraba ukipinda, rudi kwenye ubao wa misumari.